Kutoka Exetat hadi Kampala

Kijana wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, anayekwenda kusoma Kampala hudhani hatoki mbali: nchi yake imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Barabarani anashtuka, magari yanapita kushoto. Saa ya mkononi, asipoisogeza, inamchelewesha saa nzima: akiamini ni saa mbili, wenzake wanatoka kipindini. Hayo huzoeleka upesi. Taabu iko darasani. Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, aliufanya kwa Kifaransa, na hapa mhadhiri anafundisha kwa Kiingereza, haraka haraka. Kiswahili alichokitegemea nacho hakimfikishi mbali. Sokoni watu wanaongea Kiganda. Wazazi huhesabu nauli, minervali (ada ya masomo) na kodi ya chumba. Mimi ningeanza na pesa ya miezi sita ya Kiingereza, kabla ya tiketi.