Alama za Mtihani: Kuzionyesha au Kuzificha?



Nchini Tanzania matokeo ya mtihani wa taifa hayana maficho, hutangazwa hadharani. Huko Marekani mambo ni tofauti. Mtihani wa SAT, ulioanza mwaka 1926, na mwenzake wa ACT, ulioanza mwaka 1959, si mitihani ya serikali, na vyuo vingi humwachia mwombaji hiari ya kupeleka alama zake au kutozipeleka.

Hiari hiyo haikuzuka jana. Chuo cha Bowdoin kiliitoa mwaka 1969, na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2018. Janga la UVIKO-19 lilipovuruga mitihani mwaka 2020, vyuo vingi vilifuata. Hoja yao ilikuwa nzito. Mtoto wa tajiri hununuliwa mafunzo ya ziada na huurudia mtihani mpaka aridhike. Mtoto wa mnyonge aghalabu hana nafasi hiyo. Kuwapima wawili hao kwa kipimo kimoja, na kukiita haki, ni dhihaka.

Hata hivyo, hiari nayo ina mtego wake. Watafiti wa Chuo cha Dartmouth walionyesha mwaka 2024 kwamba wapo waombaji wa familia za kipato kidogo walioficha alama ambazo zingewasaidia kupokelewa. Wao waliziona ndogo, ilhali chuo huzilinganisha na hali ya shule alikotoka mwombaji. Alama 1400 kati ya 1600 kutoka shule duni zina uzito kuliko alama hizo hizo kutoka shule ya matajiri. Kwa sababu za namna hiyo Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts mwaka 2022, kisha Dartmouth na Harvard mwaka 2024, zilitangaza kuurudisha mtihani.

Basi mwalimu anayemwongoza kijana wa kuomba huko hana budi kumweleza mambo matatu. Kwanza, asome masharti ya kila chuo, maana hayafanani. Pili, atazame kiwango cha alama za wanafunzi waliopokelewa, ambacho vyuo vingi hukitangaza. Akiwa ndani yake au juu yake, azipeleke. Tatu, akiwa chini kidogo, asikate tamaa upesi: kama amewapita mbali wenzake wa shuleni, alama hizo huenda zikamtetea.

Taifa hili nalo liliwahi kulitafakari suala hili kwa mapana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikataa mtihani uwe mwamuzi pekee: kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza kufanya kazi, na mwenendo wake kazini kuthibitishwa, ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini swali lake lingali hai: je, chuo kinamtafuta mwenye alama tu, au mwenye uwezo wa kuwatumikia watu?

Alama ni ushahidi mmojawapo. Mnyonge asikose kuutoa kwa sababu tu hakuna aliyemweleza thamani yake. Kazi ya kumweleza ni ya mwalimu.