Tairi la Mbele Linapopasuka

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia kupitia Tunduma imejengewa sifa yake kwa jasho la madereva. Utawala wa Ian Smith kule Rhodesia ulipojitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta ya kusini, na malori ndiyo yaliyoibebea mafuta kutoka bandari ya Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Hata hivyo, mpaka leo shaba ya Zambia na ya Kongo husafirishwa kwa malori katika barabara hiyo, ambayo magari ya askari nayo huitumia.

Katika njia hiyo yuko adui asiye na bunduki, naye ni tairi la mbele lipasukalo ghafla. Magurudumu ya nyuma ya lori aghalabu huwa mawili mawili. Moja likipasuka, mwenzake hubeba mzigo. La mbele halina mwenzake upande wake, nalo ndilo linalotii usukani. Likipasuka, gari huvutwa kwa nguvu upande huo, na mguu wa dereva hukimbilia breki. Hapo ndipo maafa huanzia, kwani breki ya ghafla huuegemeza uzito mbele, juu ya tairi lililokwisha kufa, na lori huweza kuacha njia au kupinduka.

Dereva aliyefunzwa hufanya kinyume. Huukamata usukani kwa mikono miwili na kulishikilia gari katika mstari wake. Mguu huuondoa kwenye mafuta polepole, si kwa mshtuko, akiiacha kasi ipungue yenyewe. Gari likishatulia, ndipo hugusa breki taratibu, hutoka kando ya barabara, na kuweka alama za kuwaonya wanaofuata.

Lakini ushindi huo huandaliwa kambini kabla ya safari. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja mno na kupata joto, na joto hilo huliharibu; mzigo wa kupita kiasi na mwendo wa kasi huyaharakisha maangamizi. Kupima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, ni kazi ya dakika chache. Askari walioketi nyuma ya lori hawashiki usukani. Maisha yao wameyakabidhi kwa dereva, na kwa mkuu aliyeliruhusu gari litoke. Ukaguzi wa matairi, basi, ni sehemu ya ulinzi wenyewe.