Haijatambuliwa Haina Maana ya Haitambuliki: Kupokea Taarifa za Mianga ya Usiku

Walimu wenzangu wa Jiografia na Fizikia, na ndugu watangazaji wa redio za jamii,

Nianze na mvuvi mmoja wa Kilwa. Alinieleza kwamba alfajiri moja, akirudi pwani na ngalawa yake, taa nyeupe kali ilimfuata kutoka maji makuu mpaka karibu na bandari. Akienda, nayo inakwenda. Alipotua tanga, ikasimama. Kulipokucha ikafifia, ikapotea. Pale kijijini walimcheka, naye akaacha kulisimulia jambo hilo.

Nilimuuliza maswali matatu tu. Upande gani? Mashariki, nyuma ya tezi. Kimo gani? Akanyoosha mkono akaniwekea ngumi tatu juu ya upeo wa bahari. Saa ngapi? Kabla ya adhana ya alfajiri mpaka jua lilipokaribia kutoka. Nilipotazama kalenda ya sayari ya mwezi ule, Zuhura ilikuwa palepale aliponionyesha.

Mzee yule hakusema uongo, wala macho yake hayakumdanganya. Alichokosea ni umbali. Minazi ya ufukweni huachwa nyuma chombo kinapokwenda, lakini kitu kilicho umbali wa mamilioni ya kilomita hakiachwi, hata ukisafiri usiku kucha. Ukikidhania kiko karibu, huna budi kuona kinakufuata. Mtoto anayetembea na mwezi anaona jambo hilohilo.

Kwa hiyo nawasihi sana: mtu akipiga simu redioni au mwanafunzi akija na habari ya mwanga, msimuulize ulikuwa mbali kiasi gani, wala ulikuwa mkubwa kama nini. Gizani hakuna kinacholipa jicho kipimo cha mambo hayo, na atakayejibu atakuwa anakisia. Muulizeni yanayopimika: saa, upande, kimo, muda uliodumu, mwendo, rangi, na kama palikuwa na sauti. Kimo kinapimwa kwa mkono ulionyooshwa: ngumi ni nyuzi 10 hivi, kidole cha mwisho nyuzi 1, shubiri iliyopanuliwa kama nyuzi 20. Vipimo hivi vinamtosha mtoto na mtu mzima, kwani mwenye mkono mfupi kwa kawaida ana ngumi ndogo pia.

Katika yote hayo, saa ndiyo yenye faida kubwa zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, yaani chini kidogo ya ngumi tano. Kwetu huku karibu na ikweta, hiyo ni kama saa tatu baada ya magharibi au kabla ya macheo. Mwanga wa saa sita usiku utosini hauwezi kuwa Zuhura, lakini unaweza kuwa sayari ya Mshtarii. Setilaiti nazo tunaziona kwa sababu zinaakisi jua ambalo kwetu limeshazama. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachozunguka dunia kwa dakika 90 na kitu, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kinapita kama nyota angavu isiyomweka, kwa dakika chache, na mara nyingine kinazimika katikati ya anga kwa kuingia kwenye kivuli cha dunia. Kuzimika huko kunatisha wengi. Maelezo mengi mnayoyasoma kwenye intaneti yameandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambako wakati wa kiangazi setilaiti huonekana karibu usiku kucha. Kwetu jua huzama wima, na baada ya saa moja na nusu hivi setilaiti za karibu haziwezi tena kung'aa utosini mpaka alfajiri ikaribie. Mwalimu anayenakili maelezo ya huko bila kulisema hili anawapotosha wanafunzi wake.

Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX iliporusha setilaiti 60 za kwanza za Starlink kwa pamoja, kuna mwanga mwingine: msururu wa nukta nyingi zikifuatana kama shanga. Huonekana hivyo siku za mwanzo, kisha setilaiti hupanda na kutawanyika.

Ndege si tatizo kubwa: taa nyekundu kushoto, kijani kulia, na nyeupe inayomweka. Ila ikija moja kwa moja kuelekea kwako, taa zake za kutua huonekana zimesimama kwa dakika kadhaa. Upande wa baharini na ziwani, kumbukeni karabai na taa za wavuvi wa dagaa, hasa usiku wa giza.

Kimondo hupita kwa sekunde chache. Mabaki ya roketi yakirudi angahewani huenda taratibu zaidi, yakimeguka vipande, na yanaweza kuonekana dakika nzima. Mabaki hayo si hadithi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni sehemu ya roketi. Aliyesema ameona chuma kikitoka mbinguni alisema kweli.

Picha za simu zichunguzeni kwanza. Penye taa kali ndani ya picha, tazameni upande wa pili wa kitovu: mara nyingi "chombo" ni taa ileile iliyoakisiwa ndani ya lenzi.

Baada ya yote hayo, zitabaki taarifa zisizopata jibu. Jeshi la Anga la Marekani, katika mradi wake wa Blue Book uliokwisha 1969, lilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Lugha yetu inatusaidia hapa: mwanga ambao haujatambuliwa si mwanga usiotambulika. Hiyo "-ja-" inaacha mlango wazi. Mtangazaji asiufunge kwa kutaja majini, wala wageni wa sayari nyingine, wala kwa kumwambia msikilizaji alikuwa amelewa. Aandike, aweke tarehe, asubiri shahidi wa pili kutoka kijiji kingine. Pande mbili zikikutana kwenye ramani, umbali ambao mmoja hakuweza kuukisia unapatikana kwa rula.

Daftari za zoezi ziko mezani. Leo saa kumi na mbili na nusu jioni tukutane uwanjani bila tochi. Kila mmoja achague nyota moja, aipange na ncha ya paa la darasa, aandike kimo chake kwa ngumi, kisha aipime tena baada ya saa moja. Kesho asubuhi tutaanza kwa kulinganisha tulichoandika.