Hotuba kwa Wanachama: Maisha Mema kwa Kila Umri



Tulipokuwa vijana tukitafuta kazi mjini, maisha mema kwetu yalikuwa mshahara, suti na baiskeli. Tulipooa, yakawa karo ya watoto na nyumba ya mabati kijijini. Leo tumeota mvi, nasi twaona kuwa maisha mema ni mtu kubisha hodi, kutujulia hali na kutaka shauri letu. Hatukukosea zamani, kila umri una haja yake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yataka wazee waishi kwa heshima, washiriki katika mambo ya jamii, na watunzwe na jamaa zao pamoja na Serikali. Lakini sheria haibishi hodi.

Tukiri kosa letu: chama chetu ni hodari wa kuchangia mazishi, na mvivu wa kumzuru mzee angali hai. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama amzuru mzee mmoja kila mwezi. Vijana, kabla ya kuleta sanda, leteni salamu. Nasi wazee tusiwadharau kwa kutamani fedha. Sisi pia tulizitamani.