Kabla ya Kengele ya Asubuhi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nilipotakiwa nizungumze juu ya kazi yangu ya kompyuta katika utumishi wa umma, nilisita. Mimi nilimaliza hapa mwaka 2000 bila kugusa kompyuta hata siku moja. Isitoshe, sehemu ninayotaka kuieleza haionekani kwa macho. Ni zile sekunde chache kati ya kubonyeza kitufe cha kuwashia na kuona maandishi kwenye kioo. Lakini ni katika sekunde hizo ndimo nilimofanya kosa ambalo sipendi ninyi vijana mlirudie.

Ili tuelewane, turudi bwenini, saa kumi na moja alfajiri, baridi ya mlima ikiwa bado imetanda. Kabla hajaamka mtu yeyote, mlinzi wa usiku alikuwa macho. Yeye ndiye aliyejua bweni lipi lina taa na bomba lipi linatoa maji. Aligonga ile rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mringaringa, na kiranja mkuu akaamka, akapokea habari za usiku, kisha akawapanga viranja wenzake: maji kwanza, halafu jiko, halafu usafi, mwisho paredi. Mlinzi akaenda zake kulala.

Kompyuta nayo huamka hivyo hivyo. Mlinzi wake ni fimwea, yaani programu iliyohifadhiwa ndani ya chipu kwenye ubao mkuu wa mashine. Umeme ukiingia, prosesa huanza kwa kusoma amri za fimwea, nayo huandaa kumbukumbu na kutafuta diski. Kiranja mkuu ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, kama kile cha Linux alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki. Viranja wadogo ni draiva: diski ina ya kwake, kioo kina ya kwake, mtandao una ya kwake.

Katika kompyuta za IBM PC zilizotoka mwaka 1981, na zilizofuata mfano wake, mlinzi huyo aliitwa BIOS. Alitumikia miaka mingi, lakini mashine zilimzidi. Mpango wa kugawa diski uliokwenda naye haukuweza kuhesabu zaidi ya terabaiti 2 katika diski za kawaida. Kampuni ya Intel ilibuni njia nyingine, na tangu mwaka 2005 makampuni mengi kwa pamoja yanasimamia makubaliano yaitwayo UEFI. Makubaliano hayo yanaeleza jinsi mlinzi na kiranja mkuu watakavyozungumza. Kiini huomba orodha ya kumbukumbu iliyopo, hupokea majedwali yanayoeleza vifaa, kisha huaga. Baada ya kuaga, huduma nyingi za mlinzi hukoma palepale. Zinabaki chache tu: kutaja saa, kuandika katika daftari lake dogo, na kuzima mashine au kuiwasha upya. Anayeandika sehemu hii ya kiini lazima ajue ni lipi la kuomba kabla ya kuaga. Ukimwita mlinzi akiwa amekwisha lala, hakuna wa kuitika.

Hata daftari lile dogo lina hatari yake. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba baadhi ya kompyuta za mkononi za Samsung zilikuwa zikifa kabisa, zisiwake tena, daftari la fimwea likijazwa kupita kiasi. Kosa lilikuwa la mlinzi, si la kiini. Hata hivyo waandishi wa Linux hawakusema, "Hayo hayatuhusu." Walikirekebisha kiini chao kisiandike mpaka nafasi ikaelekea kwisha. Katika kazi hii huulizi tu ni nani mwenye kosa. Unauliza pia ni nani atakayeumia.

Halafu kuna jambo la zamu. Kiranja wa jiko hawezi kuinjika uji kama maji hayajafika. Kiini cha Linux kimezipanga kazi zake za kuamka kwa ngazi, hii kabla ya ile. Lakini aina za mashine zilizidi kuwa nyingi, ikawa vigumu kuujua mapema mpangilio unaoifaa kila moja. Mwaka 2012 uliingizwa utaratibu wa hekima: draiva ikikuta kile inachokihitaji hakijawa tayari, haihesabiwi kuwa imeshindwa. Hujibu, "Nirudie baadaye," ikawekwa pembeni, na kiini huirudia wengine wakishaamka.

Ndugu zangu, sasa nieleze kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyofanya kazi, nilikabidhiwa mashine kuu iliyotunza majalada ya watu. Kwa usiku mmoja nilibadilisha mambo matatu: nilifanya upya fimwea, nikahamisha njia ya kuwashia kutoka BIOS kwenda UEFI, na nikaweka kiini kipya. Nafasi ilikuwa finyu, nikafuta kiini cha zamani. Kumbe mpangilio mpya wa fimwea ulikuwa umebadilisha namna diski inavyojitambulisha, na furushi dogo la draiva ambalo kiini huamka nalo halikuwa na draiva ya kuisoma. Draiva yenyewe ilikuwa ndani ya diski ile ile. Ufunguo ulifungiwa chumbani.

Asubuhi watu walikuwa kwenye foleni. Mzee mmoja mstaafu alikuwa ameshuka kutoka Marangu kwa gari la alfajiri kufuata barua ya kuthibitisha utumishi wake. Nilimwambia, "Shikamoo baba, naomba urudi keshokutwa." Akaniitikia, kisha akauliza kwa upole, "Nauli ya keshokutwa nitaitoa wapi, mwanangu?" Nilimpa nauli, lakini nauli si barua. Ilinichukua siku mbili kuiamsha mashine ile, na nilifanikiwa kwa sababu mwenzangu mmoja, fundi wa siku nyingi, alikuwa ametunza nakala ya kila kitu bila kuagizwa na mtu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba somo hilo nilikwisha fundishwa nikiwa mtoto. Mfongo wa ukoo wetu ulipobomoka karibu na banio, babu yangu na wenzake walichimba njia mpya ya maji pembeni. Ile ya zamani waliiziba kwa magome ya migomba na udongo, ikaendelea kupitisha maji machache. Hawakuifunga mpaka maji ya njia mpya yalipofika kwenye shamba la mwisho kule chini, na mwenye shamba mwenyewe akapanda kuja kusema ameyaona.

Sisemi tuogope mabadiliko. Baadhi ya vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo kompyuta nyingi huvitumia kukagua programu za kuwashia kabla ya kuzikubali, muda wake uliwekwa uanze kuisha Juni 2026. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, lakini isiyopewa vyeti vipya inakosa marekebisho ya baadaye ya sehemu hizo. Kubadilisha ni lazima. Ila badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, mjaribu kwanza kwenye mashine isiyotegemewa na mtu, na kiini cha zamani kibaki mahali pake mpaka kipya kimefanya kazi.

Nanyi vijana msidhani kazi hii ni ya watu wa mbali. Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux wa chuo hicho ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa mwaka 2004. Maandishi ya kiini cha Linux yako wazi kwa kila mtu. Chukueni kompyuta kuukuu isiyotegemewa na mtu, iwasheni, msome mistari inayopita wakati inaamka. Kila mstari ni kiranja anayeitika jina lake. Mkimkosa mmoja, ulizeni alikuwa akimsubiri nani.

Mzee wa Marangu alirudi siku ya tatu, akapata barua yake. Hakuniuliza mashine iliumwa nini. Tangu siku ile sijafuta kiini cha zamani kabla ya kuhakikisha kwamba kipya kimeamka.