Kifaa cha Kunusa Trafiki

 

Kabla sijaketi, mweka hazina ameniuliza swali. Dereva wa matatu ya kikundi ameahidiwa na shemeji yake aliye Marekani kifaa kidogo cha kuweka mbele ya gari. Trafiki akiwa mbele na mashine ya kupima mwendo, kifaa kinalia, dereva anapunguza. Je, ni halali?

Tuanze huko kinakotoka. Mashine ya trafiki hutuma mawimbi ya rada, yanagonga gari na kurudi, na hapo mwendo unajulikana. Kifaa hiki hunasa mawimbi hayo mapema. (Sisi tuna chetu cha bure: kuwashiana taa!) Marekani, mwenye gari lake dogo anaruhusiwa kuwa nacho katika majimbo mengi, ingawa Virginia na mji wa Washington wanakataza. Lakini sikilizeni. Tangu 1994, malori na mabasi ya biashara yanayovuka majimbo yamekatazwa nchi nzima. Kwa kipimo chao cha leo, gari la kulipisha linalobeba zaidi ya watu 8, dereva akiwemo, limo katika katazo hilo. Matatu yetu ya abiria 14 isingepona. Tena si dereva peke yake: mwenye gari naye haruhusiwi kumwachia dereva akitumie. Hapo wenye gari ni nani? Ni nyinyi mliochanga.

Turudi nyumbani. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza Februari 2004, kila matatu ilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa. Sasa niambieni, gari lililofungwa 80 linaogopa trafiki gani kwenye barabara kuu? Mzee mmoja hapa nyuma amecheka, ameshaelewa. Mjini, ambako mwisho ni 50, labda. Lakini huko dereva anaona kibao kwa macho yake, hahitaji kitu cha kumlilia.

Kwa hivyo mimi singeanza na kifaa. Ningeuliza kama kuna mtu amekigusa kidhibiti. Wanaopanda gari hilo asubuhi ni watoto wetu wa shule na mama wa sokoni.

Kamati, Jumamosi kabla gari halijatoka steji, nendeni watatu na fundi ambaye si rafiki ya dereva. Mtazame nyaya na lakiri, na mwandike mlichokiona katika kitabu cha kikundi. Dereva awepo, naye aulizwe kwa heshima.