Bima ya Dhima kwa Wauguzi Wanaojitegemea

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Halmashauri imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo kwa kulitazama ni la watu wachache: wauguzi wetu walioacha mishahara ya hospitali, wakajiajiri, wakawa wanazunguka kupima afya za watu mahali pa kazi. Lakini wazee wengi walioketi humu ndio waliowapa watoto hao fedha za kuanzia, na wako walioweka hati za mashamba yao rehani benki ili vyombo vya kupimia vinunuliwe. Kwa sababu hiyo twaomba tusikilizwe na wote.

Kazi hiyo ni njema na yazidi kuhitajiwa. Wenye viwanda hapa mjini, wenye mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha, na wakandarasi wa mvuke huko Olkaria, wote wamefungwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Uchunguzi ambao sheria yataka ufanywe na daktari aliyeteuliwa hubaki kuwa wa daktari. Hata hivyo kupima masikio ya fundi, kutoa damu ya mnyunyiza dawa, kuandika daftari na kumwonya mtu kwa maneno, mara nyingi humwangukia muuguzi.

Muuguzi aliyeajiriwa akikosea kazini, mwajiri wake hujibu pamoja naye. Anayejitegemea hujibu peke yake. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, humlipa mfanyakazi aliyeumia, lakini humzuia kumshtaki mwajiri wake mahakamani. Mahakama ya Upeo ililithibitisha hilo mwaka 2019. Kinga hiyo ni ya mwajiri. Muuguzi aliyeitwa kutoka nje kwa mapatano si mwajiri, na mlango wa kumshtaki yeye haukufungwa. Bima ambayo kiwanda hukata kwa ajili ya wafanyakazi wake haimfuniki.

Tuchukue mfano. Muuguzi apima masikio ya fundi wa mashine mwaka 2019. Kipimo chaonyesha kuwa usikivu umeanza kupungua. Muuguzi aandika katika daftari la kiwanda, asimwambie fundi mwenyewe. Mwaka 2025 fundi hasikii mlango ukibishwa, na wakili wake amwandikia muuguzi barua. Je, muda haukupita? Kwa kawaida mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua kesi. Lakini mahakama yaweza kumruhusu aliyechelewa, ikiwa mambo yenye uzito hakuyajua wala hakuwa na njia ya kuyajua. Uziwi wa kelele huja polepole, wala haumpigi mtu hodi.

Sasa twaomba wauguzi wasikilize zaidi. Bima nyingi za namna hii hulipa dai lililoletwa wakati hati ya bima ingali hai. Haitoshi kwamba ilikuwa hai siku ya kupima. Muuguzi wa mfano wetu, kama aliacha kulipa ada mwaka 2022 kwa kuwa amerudi kuajiriwa, hana kitu mkononi. Anayeacha kazi hiyo yampasa kununua kinga ya miaka ya baadaye, na anayehama kampuni aulize kinga mpya yarudi nyuma hadi tarehe gani. Aidha, ukipata barua ya wakili, au hata fununu ya malalamiko, ipeleke kwa kampuni ya bima upesi, wala usikiri wala kuahidi malipo kabla ya kuwauliza.

Mapatano nayo yasomwe kabla ya sahihi. Yako mapatano yanayomtaka muuguzi abebe kila hasara itakayotokea, hata isiyotokana na kosa lake. Mzigo wa namna hiyo, uliotwaliwa kwa hiari, kwa kawaida bima haiubebi.

Mzee mmoja alituuliza kwa nini tulipe kila mwaka fedha isiyorudi, na harambee ipo. Swali lake ni la haki. Harambee imewasomesha watoto wetu na kuzika wafu wetu. Lakini mahakama huweka siku zake bila kungoja mchango, na hata muuguzi asiye na kosa humlipa wakili. Majaji hawamtaki muuguzi awe malaika. Huuliza kama alitenda kama ambavyo mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi hiyo angetenda. Kulithibitisha hilo kwagharimu fedha. Uingereza, tangu Julai 2014, muuguzi haruhusiwi kisheria kufanya kazi bila kinga ya namna hii.

Halmashauri yakusudia kuyaendea makampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, kuomba bei ya kundi. Wauguzi wanaotaka kuingia wajiandikishe kwa Karani, wakileta nakala ya leseni ya Baraza la Wauguzi na ya kila mapatano waliyotia sahihi, pamoja na maelezo ya dai lolote lililopata kuwafikia. Likifichwa, kampuni yaweza kukataa kulipa. Wazee waliotoa hati za mashamba nao walete nakala, ili tujue ni kiasi gani kinachohitaji kukingwa.